Karatasi yenye kashe: tuulize inatoka wapi kabla ya kulipa

(Maneno ya komite kwa mkutano mkuu wa wanamemba. Tumeyaandika tena kwa ajili ya wale ambao hawakufika, na kwa wafadhili wetu.)



Leo hatutasema juu ya mbegu wala juu ya likelemba. Tutasema juu ya karatasi. Tangu tulipoanza kushika tena parsele zetu na kufungua biashara ndogo ndogo, barua zimeanza kutufuata nyumbani. Moja inasema unadaiwa. Ingine inasema uko na kesi ku tribinali. Ingine inasema ulipe kabla ya kesho, ama utafungwa. Zote ziko na kashe, na karibu zote zimeandikwa kwa Kifaransa.

Neno tunalotaka kila mmoja arudi nalo nyumbani ni hili: huwezi kujua ukweli wa karatasi kwa kuiangalia tu. Ukweli wake unajulikana kule inakotoka. Kwa hiyo usilipe juu ya woga, na usiitupe juu ya hasira. Enda uulize.

Kwa nini tunasema na nyinyi hasa, ninyi mliorudi? Juu tunajua maisha yetu. Wengi tulikimbia vita vya 1996 na vya 1998. Kuko waliopanda meli Kigoma wakashuka Baraka, kuanzia 2005. Kuko waliotoka Zambia, wakapanda Mpulungu wakashuka Moba, kuanzia 2007. Kuko waliorudi kwa miguu yao, bila kuandikwa popote. Kwa miaka ile yote nyumba zilikaliwa na wengine, makaratasi yaliungua, na wazee waliokuwa mashahidi walikufa. Leo mtu akija kusema, "Baba yako alikopa kwangu mbele ya vita," wewe hauwezi kusema ndiyo, hauwezi kusema hapana. Mtu mwenye hila anajua hayo vizuri.

Tena kuko jambo lingine ndani ya roho zetu. Katika kambi, karatasi ilikuwa chakula. Aliyepoteza kadi ya posho alilala njaa. Tulizoea kutii kila kilicho na kashe, bila kuuliza maswali. Sasa tuko kwetu, lakini moyo bado unaruka tunapoona kashe nyekundu. Lakini kashe inachongwa sokoni. Kichwa cha "République Démocratique du Congo" kinaandikwa na kijana yeyote mwenye kompyuta na mashine ya kuchapa. Kashe peke yake haitoshi kutuambia kitu.

Tuwape mifano miwili kati ya ile iliyofika kwa komite. Majina tunayaacha.

Mama mmoja, mjane, aliletewa barua na kijana wa pikipiki. Juu yake kulikuwa jina la tribinali, chini yake jina la parke, na pembeni kashe iliyosema "auditorat". Barua ilisema marehemu mume wake alikuwa na deni la dola 350, na kwamba atume hiyo pesa kwa namba ya simu iliyoandikwa chini, ndani ya saa 24, ama "mandat d'arrêt" itatoka. Mama alikuwa tayari kuuza mashine yake ya kushona. Alituambia, "Batanifunga, na batoto batabaki na nani?" Watu wawili wa komite walienda naye ku grefe ya tribinali, wakaomba watazame ile namba ndani ya rejista. Namba ilikuwa ya kesi ya watu wengine kabisa. Mashine ya kushona ingali nyumbani kwake.

Mfano wa pili ni kinyume. Papa mmoja alipata karatasi ya "assignation". Alikuwa amesikia habari za barua za uongo, akacheka, akasema, "Hizo ni mambo ya ba escroc," akaiweka juu ya kabati. Karatasi ilikuwa ya kweli. Mtu alikuwa anadai kwamba parsele yake ilitolewa rehani kwa deni. Siku ya kesi ikafika, papa hakuonekana, tribinali ikakata neno bila yeye. Alijua habari siku huisie alipomletea hukumu mkononi. Kwa bahati alikuja kwetu palepale, na avoka aliweza kufanya "opposition" kabla siku hazijapita. Kesi bado inaendelea, lakini sasa papa iko ndani, anasikilizwa.

Mnaona? Wa kwanza angepoteza mali kwa kuamini haraka. Wa pili karibu apoteze parsele kwa kukataa haraka. Na dawa ya wote wawili ilikuwa moja, kwenda ku grefe.

Sasa tuangalie karatasi zenyewe, juu si zote ni sawa.

Kuko barua ya mdai mwenyewe ao ya avoka wake. Mara nyingi inaitwa "mise en demeure". Inakukumbusha deni na kukupa siku za kulipa. Hiyo haitoki ku tribinali, na haina nguvu ya kukamata mtu wala nyumba. Lakini usiidharau, juu kesho anaweza kuenda kushitaki. Kama ni ya avoka, jina lake linapashwa kuwa ndani ya orodha ya barreau. Mnaweza kuuliza pale kama anajulikana.

Kuko "convocation" ao "invitation". Hii inatoka kwa polisi, kwa parke, kwa komini, hata kwa biro ya shefu. Inakuita tu ufike. Haisemi kama uko na makosa, na haipashwe kukuomba pesa. Parke pia inaweza kutoa "mandat de comparution". Hiyo ina uzito zaidi, juu usipofika wanaweza kutoa "mandat d'amener", ni kusema kuletwa kwa nguvu.

Kuko "assignation", kwa kesi za madai kama deni na parsele, na kuko "citation", kwa kesi za makosa ya jinai. Hizi zinaletwa na huisie. Kufuatana na sheria ya mwenendo wa kesi za madai, ile ya tarehe 7 Machi 1960, assignation inapashwa kuonyesha jina la anayekushitaki na mahali anapoishi, jina la huisie, jina lako, tarehe, jambo unalodaiwa na sababu zake, tribinali gani, na siku na saa ya kufika. Kati ya siku unayopokea na siku ya kufika kunapashwa kupita siku nane kamili, na siku moja zaidi kwa kila kilometa 100 za umbali. Kwa mambo ya haraka hakimu anaweza kupunguza siku, lakini ruhusa hiyo inaandikwa.

Mwishowe kuko "signification de jugement", ni kusema unaletewa hukumu iliyokwisha kukatwa, na "injonction de payer", ni amri ya kulipa ambayo mdai aliomba kwa hakimu bila wewe kuwapo. Hizi mbili ndizo za hatari zaidi kukaa nazo nyumbani, juu siku zinahesabiwa. Kwa hukumu iliyokatwa bila wewe, opposition ina siku 15 tangu kuipokea mkononi mwako. Appel ina siku 30. Kwa injonction de payer, muda wa kuipinga umeandikwa ndani ya karatasi yenyewe. Mwombe mtu akusomee siku ileile.

Tukipokea karatasi, tufanye nini? Tufuate hatua hizi.

Kwanza, pokea. Kumukimbia huisie hakukusaidii. Usipokuwapo, anaweza kuiacha kwa ndugu anayekaa nyumbani, ama kwa jirani, na itahesabiwa kuwa imefika. Kwa hiyo waambieni watoto wakubwa na watu wote wa nyumbani: karatasi ikija, isifichwe. Huisie akikuomba utie sahihi kwenye karatasi yake, hiyo inaonyesha tu kwamba umepokea. Lakini usitie sahihi kwenye maneno yanayosema unakubali deni, ao kwenye karatasi usiyoelewa. Omba kwanza isomwe kwa Kiswahili.

Pili, andika nyuma ya fotokopi: imekuja siku gani, saa ngapi, nani aliileta, alisema nini. Kama iliingia kwa simu, kama picha ama ujumbe, usifute. Lakini jueni kwamba kwa kawaida assignation ya kweli inaletwa mkononi na huisie. Picha ya simu haitoshi.

Tatu, tafuta vitu vitatu ndani ya karatasi: biro iliyoitoa, namba ya dosie, na jina la mtu aliyetia sahihi. Namba ya dosie ina herufi mbele yake. "RC" ni rejista ya kesi za madai. "RP" ni ya kesi za jinai ku tribinali. "RMP" ni ya parke. Karatasi inayosema inatoka ku tribinali na haina namba hata moja, hiyo inatupa mashaka. Lakini hata ikiwa na namba, bado hatujamaliza. Mmeona mfano wa mama.

Nne, na hii njo hatua kubwa: enda ku biro yenyewe, kwa miguu yako. Usipige namba iliyo ndani ya barua, juu kama barua ni ya uongo, anayepokea simu ni mwandishi wake, na atakuambia ni ya kweli kabisa. Karatasi ya tribinali, uliza ku grefe. Ya parke, uliza ku sekreteria ya parke. Ya polisi, uliza ku komisaria, kwa mkubwa wa pale. Peleka fotokopi, originali iache nyumbani ao kwa komite. Omba maneno matatu tu: "Hii namba iko ndani ya rejista yenu? Majina ni haya? Huyu huisie, ao huyu OPJ, anafanya kazi hapa?" Usiende peke yako. Watu wawili wanasikia vizuri kuliko mmoja, na hawaogopeshwi upesi.

Tano, hakuna kulipa njiani. Pesa za serikali, kama ni amende ao gharama za tribinali, zinalipwa kwa karatasi ya malipo, ile wanayoita "note de perception", na pesa inaingia benki, unapewa uthibitisho wa malipo. Deni la mtu linalipwa kwa mwenye deni, mbele ya mashahidi, na anaandika kwamba amepokea. Anayekuambia utume pesa kwa simu ya mtu ili "dosie ifungwe", huyo hata kama anavaa nguo za kazi, anaomba madesu ya bana. Tuseme wazi: karatasi ya kweli pia inaweza kutumiwa na mtu mwongo. Ndiyo maana hata ukihakikisha karatasi ni ya kweli, pesa bado haitoki bila karatasi ya malipo.

Sasa juu ya kufungwa, juu hapo ndipo woga wetu unakaa. Watu wengi wanauliza: "Deni linaweza kunipeleka gereza?" Mkataba wa kimataifa juu ya haki za kiraia na za kisiasa, ambao nchi yetu iliuingia 1976, unasema katika kifungu cha 11 kwamba mtu hafungwi kwa sababu tu ameshindwa kutimiza mapatano. Kwa hiyo kukosa pesa ya kulipa si kosa la jinai. Lakini tusidanganyane. Kuko wadai wanaoenda polisi na kubadilisha jina la jambo. Deni wanaliita "abus de confiance" ao "escroquerie", na hayo mawili ni makosa ya jinai. Ukiitwa kwa maneno hayo, enda, lakini enda na mtu, na peleka kila kinachoonyesha kwamba lilikuwa deni la kawaida: daftari, ujumbe wa simu, jina la shahidi, pesa ulizokwisha kulipa.

Na kama ukishikwa, Katiba ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 18, inasema uambiwe palepale sababu, kwa lugha unayosikia. Kiswahili ni moja ya lugha nne za taifa, usione haya kukiomba. Inasema pia kwamba polisi haipashwe kukushika zaidi ya saa 48. Zikiisha, wakuachilie ao wakupeleke kwa wakubwa wa sheria wenye uwezo juu ya jambo hilo. Na kifungu cha 156 kinasema tribinali za jeshi zinahukumu makosa ya wanajeshi na ya polisi. Kwa hiyo barua ya "auditorat" inayodai deni kwa mama muuza samaki, hiyo yenyewe inajisema.

Ukijua kwamba karatasi ni ya uongo, usiende kupigana na aliyeileta. Pengine ni kijana aliyelipwa tu kubeba. Chunga karatasi, chunga namba ya simu. Kutengeneza maandishi ya uongo kwa nia ya kudanganya ni kosa. Kanuni ya adhabu, kifungu cha 124, inatoa miezi sita mpaka miaka mitano. Kama memba anataka kushitaki, komite itamsindikiza ku parke. Kama anaogopa, hatumlazimishi, lakini tunawaambia wengine wajue.

Ukijua kwamba ni ya kweli, hesabu siku, na ufike siku ile. Hata kama hauna avoka, fika. Kwa asiye na pesa, kila barreau inapashwa kuwa na biro ya mashauri ya bure, na kuko cheti cha ukosefu, "certificat d'indigence", kinachosaidia juu ya gharama za tribinali. Mbele ya siku hiyo unaweza pia kuongea na mdai. Mapatano yakipatikana, yaandikwe, na yapelekwe ku tribinali ili kesi isiendelee nyuma ya mgongo wako.

Tumalize na mambo ya chama chenyewe, juu wafadhili wetu waliuliza swali zuri: "Je, hamsaidii watu kukimbia madeni?" Hapana. Kukimbia vita hakukufuta deni. Anayedaiwa kweli, tunamwambia alipe, kidogo kidogo kama hawezi mara moja, na kwa maandishi. Tunachokataa ni mtu kulipa karatasi ambayo haijui, ao kulipa mara mbili, ao kuuza parsele kwa bei ya woga. Chama hakilipi deni la mtu, na hakiendi kuongea na hakimu pembeni. Kazi yetu ni kusoma, kufasiri, kusindikiza na kushuhudia.

Pesa mnazotutumia kwa kazi hii zinaenda kwenye vitu vidogo: pikipiki ao mtumbwi wa kufika ku grefe, fotokopi, na chakula cha mchana cha watu wawili wanaosindikiza. Kwa mama anayekaa siku nzima ya safari kutoka tribinali, safari hiyo inapita nguvu yake. Ndiyo maana tunakusanya karatasi za kijiji kimoja, na watu wawili wanaenda kuziuliza zote kwa mara moja, isipokuwa zile zenye siku za karibu. Hizo zinaenda palepale, hazingojei wengine.

Kwa hiyo, kila memba aliye na karatasi nyumbani, hata ya zamani, hata ile uliyoona haya kuionyesha, ilete. Mmoja wa komite anayesoma Kifaransa anakaa ku biro kila siku ya mkutano wa likelemba, mbele ya mkutano kuanza. Usipoweza kufika, mpe shefu wa kikundi chako fotokopi, na umwambie tarehe uliyoipokea. Tarehe ndiyo tutakayouliza ya kwanza.



Komite